Paniki, moyo kwenda mbio na hofu ya kufa ghafla: tiba ya mazungumzo inafanya nini hasa? Wana Mtwara na Lindi tusogee hapa

Kijana wa Chuno (mwanzisha uzi):

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka asome kidogo kidogo.

Nataka tuongelee hii hali ya mtu kukaa vizuri tu halafu ghafla moyo unaenda mbio, pumzi inakata, vidole vinakufa ganzi, jasho jembamba linamtoka, anaona kabisa leo ndo naondoka. Anakimbizwa hospitali, anapimwa presha, malaria, sukari, wengine mpaka kipimo cha moyo, majibu yanatoka hamna kitu, anarudishwa nyumbani na panadol na kuambiwa apunguze mawazo. Haipiti muda inarudi tena. Huku kwetu watu wa hivyo ni wengi kuliko tunavyodhani ila tunawaita wana presha, wana vidonda vya tumbo, au kapandisha. Mimi nimeumwa hii kitu miaka, kilichonitoa ni tiba ya mazungumzo, na inaniuma nikiona mtu anauza magunia ya korosho kulipia vipimo vile vile mara ya tano wakati hakuna hata mmoja aliyemwambia ugonjwa wake unaitwaje.

Kitu cha kwanza kieleweke. Hii tiba sio kukaa na mtu akakupa pole na kukwambia usiwaze sana. Pole tunapewa kila siku na haijawahi kuzuia paniki ya mtu. Tiba yenyewe ni mazoezi. Unafundishwa kukikaribia kwa makusudi kile kile unachokikimbia, kidogo kidogo, ukiwa na mtu anayejua anachofanya, mpaka mwili wako ujionee wenyewe kwamba hakiui.

Tuanze na mwili maana bila kuuelewa mengine yote yataonekana maneno tu. Ukipata hofu mwili unamwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, na unaanza kupumua haraka haraka bila kujijua. Sasa ukipumua haraka kuliko mwili unavyohitaji unatoa kaboni dayoksaidi nyingi kuliko inayotakiwa, na ikishuka kwenye damu ndo vidole na midomo vinaanza kuwasha na kufa ganzi, kichwa kinakua chepesi, kifua kinabana. Unahisi hewa haitoshi wakati ukweli unavuta hewa iliyozidi! Kilele chake huwa ni ndani ya dakika kama 10 hivi, baada ya hapo inashuka yenyewe hata usipofanya lolote, maana mwili hauwezi kukaa juu vile muda mrefu. Na ile hofu ya kuzimia, mtu huzimia presha ikishuka ghafla, kwenye paniki presha inapanda, kwa hiyo kuzimia ni nadra sana hata kama unahisi miguu haipo.

Hayo nikiyajua mapema ningepumzika nusu ya mateso, ila kujua peke yake hakutoshi, nitasema kwa nini.

Mwaka 1986 kuna mwanasaikolojia wa Uingereza anaitwa David Clark, alikua Oxford, aliandika maelezo ya paniki ambayo mpaka leo ndo msingi wa tiba hii. Anasema shida haiko kwenye mapigo ya moyo, iko kwenye tafsiri unayoyapa. Moyo umeruka kidogo, labda umepanda ngazi, labda umekunywa kahawa, wewe unasoma pale pale kwamba huu ni mshtuko wa moyo. Tafsiri hiyo inaleta hofu, hofu inaongeza mapigo, mapigo yakiongezeka unapata ushahidi mpya kwamba kweli unakufa, na duara linazunguka kwa sekunde chache tu unajikuta uko kileleni. Tiba inaingia hapo kwenye tafsiri na kwenye tabia za kukimbia. Jina lake kwa kifupi ni CBT (cognitive behavioural therapy, yaani tiba ya fikra na tabia), mizizi yake ni kazi za Aaron Beck wa Marekani kuanzia miaka ya 1960, na upande wa kuikabili hofu hatua kwa hatua kuna mchango mkubwa wa Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini aliyetoa kitabu chake mwaka 1958.

Sasa kukimbia. Yangu ilianzia kwenye basi la Dar, tumeshapita Nangurukuru, basi limejaa, dirisha langu halifunguki. Nikashuka Somanga nikiwa natetemeka, nikatafuta usafiri wa kurudi Mtwara. Toka hapo nikaacha mabasi ya mbali. Baadae nikaacha Noah za Masasi. Baadae hata daladala ya Mikindani nikawa napanda siti ya mlangoni tu, ikiwa imechukuliwa nasubiri nyingine. Msikitini nikahamia safu ya mwisho karibu na mlango. Benki foleni ikiwa ndefu naondoka. Mfukoni natembea na limao la kunusa, chupa ya maji na vidonge viwili vya valium, dawa ya kutuliza, nilivyopewa na jamaa, ambavyo nilikua sivimezi, nikivishika tu napata amani.

Ona hapo. Kila nilichokiacha kilinipa nafuu siku ile na kilinichukulia eneo jingine la maisha yangu. Kukwepa ni kama kulipa riba ya mkopo, unapumua mwezi huu na deni lenyewe liko pale pale. Ubongo unahitimisha kwamba umepona kwa sababu ulishuka kwenye basi, haupati nafasi ya kujua kwamba ungebaki ungepona vile vile.

Nilikoanzia ni kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa. Nilienda kwa kujificha, maana nilijua jirani akiniona kwenye benchi lile habari itafika Chuno kabla yangu. Waliokaa pale ni watu wa kawaida kabisa, mama na mwanae wa kidato cha nne, mzee mmoja na kofia yake, vijana. Nikaelezwa vizuri, vipimo vyangu vikapitiwa upya, ndo mara ya kwanza nikasikia neno paniki. Mazoezi yenyewe niliyafanya kwa vidio koli na mwanasaikolojia aliyeko Dar, kila wiki, kwa sababu huku wa kufanya vikao vya mfululizo walikua wachache na wamezidiwa na wagonjwa.

Naomba niwaelezee kikao kimoja kwa ukaribu maana ndicho kilichonigeuza. Yule dada mwanasaikolojia akaniambia niegeshe simu mahali, nikaiegesha kwenye kopo la sukari mezani. Akasema leo tutaileta paniki sisi wenyewe. Nikakataa. Hakunilazimisha, akaniuliza unaogopa nini kitatokea, andika kwenye daftari, na uandike una uhakika kiasi gani kwa 100. Nikaandika nitazimia, 80. Basi tukaanza, yeye upande wake na mimi upande wangu, kupumua haraka na kwa nguvu kwa dakika moja. Haikuisha dakika vidole vikaanza kuwasha, midomo ikafa ganzi, chumba kikawa kama kinasogea, kifua kile kile, kila kitu kile kile kilichonishusha Somanga. Akaniambia usikae, usinywe maji, usinuse kitu, simama tu unieleze unahisi nini na wapi. Nikawa naeleza. Na wakati naeleza ikawa inashuka. Akauliza umezimia? Akanirudisha kwenye daftari, ile 80 sasa ni ngapi. Halafu akasema turudie.

Tulirudia na mengine, kuvuta hewa kwa mrija mwembamba pua umeibana, kuzunguka kwenye kiti mpaka kizunguzungu, kukimbia pale pale ulipo. Kila zoezi linaleta dalili moja unayoiogopa. Ukishazileta wewe mwenyewe mara nyingi sebuleni kwako zinapoteza ile sauti ya kutisha.

Baada ya hapo ikaja barabara. Tulipanga hatua, daladala ya Mikindani siti ya mlangoni, halafu siti ya katikati, halafu siti ya nyuma kabisa dirishani, halafu Noah mpaka Mnazi Mmoja ya huku Lindi, halafu Lindi kwenda na kurudi, halafu ndo basi la Dar. Kila hatua inarudiwa mpaka ichoshe. Na bila limao, bila vidonge, kwa sababu ukifika salama na limao mfukoni ubongo unalipa limao sifa zote. Lindi nilifika kwa shida, njiani ilinijia kweli kweli, nikakaa nayo, ikapanda ikashuka, nikafika stendi nikanywa chai nikapanda nyingine kurudi.

Leo nasafiri. Huwa inanigusa bado mara moja moja na nikiihisi naiacha ipite, sishuki.

Karibuni na maswali, na wataalamu mliopo humu mkiona nimepotosha mahali nirekebisheni.

*

Binti Mikindani:

Kaka asante sana, umeandika mambo ya mama yangu mdogo kabisa. Yeye inamshika sokoni hasa kwenye msongamano wa samaki. Ila nyumbani wameshasema ni jini wa baharini, amesomewa kisomo, kafukizwa, kuna fundi kaja kataka mbuzi. Nikiongea hospitali naonekana nimesoma nikasahau kwetu. Unaingiaje hapo bila kugombana na wakubwa?

*

Kijana wa Chuno:

Dada yangu usigombane. Hata mimi nimesomewa na sijutii, dua inanituliza mpaka kesho na nimeendelea kuswali kipindi chote cha tiba, hakuna aliyeniambia niache. Mwambie mama mkubwa au mjomba mwenye sauti pale nyumbani kwamba kisomo kiendelee na hospitali iende pamoja, hakuna ubishi wa nani mkweli. Ukiwaambia jini hayupo mazungumzo yanafia hapo.

Mambo mawili tu usiyakubali. Kumfukiza mtu ambaye pumzi inambana, ule moshi unamzidishia, na kumpiga au kumfunga eti kinachopigwa sio yeye. Hapo simama hata kama utaonekana huna adabu. Na mama mdogo mwenyewe muulize faragha, mkiwa wawili tu, anaogopa nini sekunde ile inapoanza. Mimi nikiulizwa mbele za watu nilikua nasema kizunguzungu. Peke yangu ndo nilisema naogopa kufa niwaache watoto.

*

Tabibu Kusini:

Mwanzisha uzi hongera, umeeleza vizuri kuliko tunavyoeleza sisi kwenye vyumba vyetu, na niseme ukweli kule OPD, kwa wagonjwa wa nje, mgonjwa mmoja anapata dakika chache sana, ndo maana wengi wanaondoka na jibu la punguza mawazo.

Mimi niongeze upande wa hospitali. Kabla ya kuiita paniki lazima tutoe vitu vinavyofanana nayo. Upungufu wa damu unafanya moyo kukimbia, na huku kina mama wengi wanao. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi inaleta mapigo, kutetemeka, jasho na kupungua uzito. Sukari ikishuka vile vile. Pumu. Matatizo ya umeme wa moyo. Na muulize mtu anakunywa nini, vijana wengi wa bodaboda wanakuja na mapigo ya juu kumbe kashusha makopo ya enaji tangu asubuhi na hajala. Kwa hiyo vipimo mara ya kwanza ni muhimu, ubaya ni kuvirudia bila mwisho, maana kila kipimo kinampa mtu utulivu wa wiki halafu anataka kingine.

Maumivu ya kifua yanayokuja ukifanya kazi ngumu na kuacha ukipumzika, yanayopanda kwenye taya au mkono, kuzimia kweli kweli ukaanguka, au mtu mzima mwenye presha na sukari kupata hali hii kwa mara ya kwanza, usikae nyumbani na uzi wa mtandaoni, njoo hospitali. Yale mazoezi ya kupumua haraka na mrija pia mwenye pumu, kifafa, ugonjwa wa moyo au mjamzito asijaribu mpaka aongee na mhudumu wake.

Kuhusu dawa. Valium inatuliza haraka na ndo hatari yake, mwili unazoea, dozi inapanda, na kuiacha ghafla kuna matatizo yake. Mwongozo wa tiba wa Uingereza (NICE) haushauri kabisa dawa za kundi hilo kwa ugonjwa wa paniki. Zinazotumika kwa muda mrefu ni kundi la kina fluoxetine na sertraline, hizi zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na siku za mwanzo wengine wasiwasi unaongezeka kidogo, wengi wanaziacha hapo hapo wakisema dawa imewazidishia. Usianze wala usiache mwenyewe. Mtu anaweza kupata dawa na tiba ya mazungumzo kwa pamoja, sio dhambi.

Na tiba yenyewe haichukui miaka. Mwongozo huo huo unaweka jumla ya saa 7 mpaka 14 kwa paniki, vikao vya kila wiki, kwa kawaida inakamilika ndani ya miezi minne.

*

Mwalimu wa Newala:

Nasoma kwa makini. Lakini naomba niwe mkweli, hii tiba naona imekaa kizungu na kimjini. Huku juu Newala na Tandahimba mtu akilemewa anaenda kwa babu yake, kwa shehe, kwa padri, mambo yanaisha. Wanasaikolojia wako Dar na wanataka hela. Mkulima wangu wa Kitangari atafanya vidio koli na nani?

*

Kijana wa Chuno:

Mwalimu hoja yako nzito na sitaki kuipita juu juu.

Kwanza ugonjwa sio wa kizungu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikua na magonjwa ya wasiwasi, na katika wanaoumwa ni kama mmoja tu kati ya wanne anayepata tiba yoyote. Wanaokosa wengi ni sisi.

Pili hilo la wazee, majirani zetu walishalifanyia kazi. Kule Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili anaitwa Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 kitu kinaitwa Friendship Bench. Hakuajiri wanasaikolojia, walikua wachache mno. Alifundisha mabibi, wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, wakakaa na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati. Hali yenyewe waliiita kwa Kishona kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, hakuna mtu aliyehitaji kuitwa mgonjwa wa akili. Bibi anakusikiliza, mnachambua tatizo moja, mnapanga hatua moja ya kufanya, unarudi unaeleza imekwendaje. Ikafanyiwa utafiti mkubwa, watu 573, majibu yakatoka mwaka 2016 kwenye jarida la JAMA la Marekani, waliokaa kwenye benchi walikua na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kwa hiyo babu wa Kitangari anaweza kabisa. Tofauti iko kwenye anachofanya. Babu akimwambia jikaze wewe mwanaume, hajafanya tiba. Akimwambia usipande tena basi mjukuu wangu pumzika, amemwongezea ugonjwa kwa upendo kabisa. Babu huyo huyo akijua anamwambia twende wote mpaka stendi leo, kesho tupande mpaka kituo cha kwanza. Naota siku moja wahudumu wa afya ngazi ya jamii huku kwetu wafundishwe hivyo, wanajua nyumba zote na watu wanawaamini.

Hela ni kweli. Mimi nilikua nalipa elfu 30 kwa kikao na bando juu yake, wapo wa juu zaidi wapo wa chini, nikaomba tufanye kila wiki mbili hela ikibana na akakubali. Uliza bei kabla, muulize amesomea nini na anatibu vipi paniki. Akikujibu tutaongea tu utajisikia vizuri, tafuta mwingine.

*

Mama Korosho:

Samahani jamani mimi sina hiyo ya ghafla. Yangu ni ya siku nzima, naamka saa nane usiku nawaza malipo ya AMCOS, chama chetu cha ushirika, yatatoka lini, ada, salfa ya mikorosho nimekopa, mvua ikinyesha sasa maua yatapukutika, mwanangu yuko Dar bodaboda atagongwa. Shingo inauma, tumbo linakoroga, sina hamu ya kula. Hii nayo inatibika kwa kuongea au ndo maisha?

*

Tabibu Kusini:

Mama shikamoo. Inatibika. Hiyo ni wasiwasi wa kudumu, ndugu yake paniki ila sio yenyewe, na ikikaa miezi inaanza kuitwa ugonjwa.

Kitu wanachofundisha ni kutenganisha wasiwasi wa namna mbili. Deni la salfa ni tatizo halisi, linahitaji kalamu, unadaiwa kiasi gani, nani, unaweza kwenda kuongea naye lini. Mwanao kugongwa ni wasiwasi wa labda, hakuna hatua ya kufanya usiku ule zaidi ya kuteseka. Wa aina hii unatengewa muda wake, tuseme jioni baada ya laasiri unakaa nusu saa unawaza yote kwa makusudi, yakikujia saa nane usiku unajiambia haya yana saa yake. Mwanzo inaonekana kitu cha ajabu, fanya wiki chache. Lakini mama, kukosa usingizi na hamu ya kula njoo tukuone, huenda kuna sonona ndani yake. Na ukijisikia kwamba bora usiwepo, hiyo usiisubirishe hata siku moja, mwambie mtu wa karibu na muende hospitali siku hiyo hiyo.

*

Dereva Noah:

Mimi napiga ruti Masasi Mtwara. Ilinikuta natoka Ndanda na abiria nyuma. Niliegesha nikasema tairi. Tangu siku hiyo nikikaribia pale mikono inalowa kwenye usukani. Bosi sijamwambia. Nikimeza valium naendesha fresh. Nifanyeje?

*

Kijana wa Chuno:

Mkuu kuegesha ulifanya sahihi kabisa, una roho za watu. Ila kwa heshima zote valium na usukani achana nazo, inakupunguzia umakini bila wewe kujijua, fresh unayoisikia ni ya hisia tu. Nenda kitengo wakushauri namna ya kuipunguza kama umekua unaimeza kila siku, usikate ghafla.

Halafu pale Ndanda. Omba siku ya mapumziko, panda gari kama abiria na mtu unayemwamini, piteni pale, shukeni, kaeni mnywe soda mpaka mwili uchoke kuogopa, rudini tena. Usukani utakuja baadae, gari likiwa tupu kwanza, abiria mwisho kabisa. Hatua hizo zipange na mtaalamu, usizirukie mwenyewe kwa sababu ya hesabu ya bosi.

*

Dereva Noah:

Poa mkuu. Pale hospitali nikifika nasema nini, maana mapokezi wanauliza kwa sauti unaumwa nini.

*

Tabibu Kusini:

Sema mapigo ya moyo na kukosa usingizi, inatosha mapokezi. Ukiingia kwa daktari ndo mwambie yote, na useme mwenyewe naomba kuonana na kitengo cha afya ya akili. Kwa Mtwara mjini ni Ligula, Lindi ni Sokoine, ukiwa Masasi anzia hospitali ya wilaya watakupa rufaa. Kabla hujaenda andika kwenye karatasi ilianza lini, inachukua muda gani, umeacha kufanya vitu gani kwa sababu yake. Hilo la mwisho watu hawalisemi na ndilo linalotusaidia kuliko yote.

*

Mke wa Fundi:

Mume wangu inamwamsha usiku kabisa yuko usingizini, hata ndoto haoti, anakaa kitandani anashika kifua. Tumeshapima kila kitu ni mzima. Mimi nifanye nini zile dakika? Huwa namwagia maji na kupiga kelele majirani waje.

*

Kijana wa Chuno:

Shemeji pole, najua unavyotetemeka na wewe. Paniki ya usingizini ipo kabisa na inatibiwa kwa njia hizi hizi.

Usimmwagie maji, na usimwekee mfuko usoni apumulie kama wengine wanavyofundisha, inaweza kuwa hatari. Usimwambie tulia tulia, mtu akishindwa kutulia anaona ndo anakufa sasa. Majirani wakijaa chumbani wanakuwa ushahidi kwake kwamba hali ni mbaya. Kaa pembeni yake, sema kwa sauti ya kawaida, hii ni ile ile, inapanda itashuka, nipo. Kama anataka kupunguza kasi ya pumzi, avute kwa pua taratibu bila kujaza kifua, atoe polepole kwa muda mrefu kuliko aliovuta, wewe pumua hivyo hivyo pembeni yake bila kumhesabia kama mwalimu wa mchakamchaka. Ikishuka msianze kuijadili usiku huo, laleni.

Asubuhi akinywa chai mwambie kuna uzi unataka ausome.

*

Mke wa Fundi:

Simu yake haina bando, ntamsomea mwenyewe. Ila hapo kwenye kuacha vitu, ameacha kulala upande wa ukutani, anataka wa mlangoni. Hiyo nayo ni yenyewe?

*

Kijana wa Chuno:

Ndiyo shemeji, ni yenyewe. Iandikeni kwenye ile karatasi aliyosema tabibu, iwe ya kwanza.